Zimwi Likujualo: Vijana wa Milima ya Andes na Sauti ya Aliyebaki

"Kaka, hawa si ndio wale waliokula watu?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo kabla filamu haijafika hata dakika ya kumi na tano. Tulikuwa sebuleni usiku, yeye na simu yake mkononi, mimi na daftari langu, tunatazama La sociedad de la nieve, filamu ya J. A. Bayona ya mwaka 2023 ambayo wengi wetu tuliipata Netflix mwanzoni mwa mwaka 2024 kwa jina la Society of the Snow. Ndege ilikuwa bado angani. Vijana walikuwa wanataniana na kurushiana mpira wa raga kati ya viti. Hakuna aliyekuwa amekula chochote.

Nikamjibu kwa mkato: ndio wao, tazama. Lakini swali lake lilinikaa. Zaidi ya miaka hamsini imepita, vimeandikwa vitabu, zimetengenezwa filamu, na bado ukimtajia mtu yeyote habari ya ile ndege, jambo la kwanza linalomjia ni hilo. Mimi mwenyewe nilianza kuijua kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo makala hii siiandiki ili nimcheke mdogo wangu. Nataka kuuliza kitu kimoja tu: watu waliopotea mlimani wakisimuliwa, ni nini kinachofanya usimulizi wao uwe wa haki? Nina sababu yangu ya kuuliza, nitaifikia.

Kwa ambaye haijui habari yenyewe, ni hivi. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege ya Jeshi la Anga la Uruguay, aina ya Fairchild, iliruka kutoka Mendoza, Argentina, kwenda Santiago, Chile. Ilikuwa imekodiwa na timu ya raga ya Old Christians ya Montevideo. Ndani walikuwemo watu 45: wachezaji, marafiki, baadhi ya ndugu zao, na wafanyakazi wa ndege. Wengi wa wachezaji walikuwa wamesoma shule moja, Stella Maris. Na walikuwa wadogo, jamani. Roberto Canessa, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa na miaka 19. Gustavo Zerbino 19. Antonio Vizintín 19. Carlos Páez, ambaye wote walimwita Carlitos, alikuwa bado hajatimiza 19. Huku kwetu mtu wa umri huo akichelewa kurudi usiku, mama yake hulala sebuleni akimsubiri.

Marubani walidhani wameshavuka milima, wakageuza ndege kuelekea kaskazini na kuanza kushuka. Hawakuwa wamevuka. Ndege ikagonga ukingo wa mlima, mabawa yakakatika, mkia ukakatika, na kiwiliwili chake kikateleza juu ya theluji mpaka kikasimama kwenye bonde la barafu, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 3,500. Siku 72 baadaye walitoka hai watu 16.

Sasa hebu tuangalie neno hilo "kupotea", maana watu hulipita haraka. Hawa vijana hawakupotea kwa sababu hawakuwa na wazo lolote la mahali walipo. Walipotea kwa sababu walikuwa na wazo, nalo lilikuwa la uongo. Rubani msaidizi, akiwa amebanwa kwenye chumba cha marubani na anakufa, aliendelea kusema kwamba walikuwa wameshapita Curicó. Curicó iko Chile. Basi wao wakaamini kwamba nyuma ya mlima ule wa magharibi kuna mabonde ya kijani na watu. Kumbe walikuwa bado upande wa Argentina, na mashariki, umbali wa kilomita kama 20 hivi, kulikuwa na jengo la hoteli ya zamani. Hawakwenda huko kwa siri ya kusikitisha kabisa: walimwamini mtu aliyekuwa akikata roho. Huwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Nani kwetu hupuuza wosia?

Mwandishi wa kwanza kuisimulia habari hii kwa urefu alikuwa Mwingereza, Piers Paul Read, katika kitabu chake Alive cha mwaka 1974. Read ni mwandishi wa riwaya, lakini hapa aliandika kama mtu wa magazeti. Alikaa na manusura, akawasikiliza, akazungumza na wazazi wao, kisha akaandika kwa nafsi ya tatu, kwa sentensi fupi, bila kulia na bila kupiga kelele. Kitabu hicho bado kinasomeka vizuri. Sehemu zake bora kwangu si zile za mlimani. Ni zile za nyumbani: wazazi wanaohangaika kutafuta, serikali ikiwa imeshakata tamaa baada ya siku nane. Yupo mchoraji maarufu Carlos Páez Vilaró, baba yake Carlitos, anayezunguka Chile akimtafuta mwanawe, anasikiliza mpaka ubashiri wa mtu aliyeko Uholanzi. Msomaji anajua mtoto yu hai. Baba hajui. Unafungua ukurasa unataka kumwita.

Lakini Read mwenyewe anakiri mwanzoni mwa kitabu kwamba baadhi ya manusura walipousoma mswada walivunjika moyo. Hawakusema amekosea tarehe wala majina. Walisema imani na urafiki uliowashika kule milimani hawauoni humo ndani. Read akaliweka lalamiko lao kwenye kitabu chenyewe, na kwa hilo namvulia kofia. Wangapi kati yetu tungefanya hivyo?

Hapa ndipo sababu yangu inapoingia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi mchanga wa habari, na nilitumwa kwenye familia iliyokuwa imepoteza kijana wa miaka 17 kwenye ajali ya roli. Nilifika, nikavua viatu, nikatoa pole, nikakaa mkekani. Nikauliza maswali yangu. Jina kamili, umri, alikuwa kidato cha ngapi, roli lilikuwa linatoka wapi. Dada yake ndiye aliyenijibu, kwa utulivu, huku akina mama wanalia chumba cha pili. Habari ikatoka kesho yake, haikuwa na kosa hata moja. Jioni yule dada akanipigia simu. Nilidhani anataka kushukuru. Akaniambia, "Kaka mwandishi, umeandika sawa. Lakini wewe uliniuliza ana miaka mingapi, hukuniuliza alikuwa nani."

Sikuwa na jibu. Nikasema pole dada, naye akasema asante, akakata simu. Tangu siku hiyo kila nikisoma kitabu kinachohusu watu waliokufa huwa nasoma nikiwa na sauti yake sikioni. Nilipokutana na lile lalamiko kwenye kitabu cha Read, nililitambua mara moja. Ni lalamiko lile lile.

Tuje kwenye kula.

Chakula kwenye ndege kilikuwa kidogo mno, chokoleti, jamu, divai kidogo, na kiliisha. Juu kule hakuna mmea wala mdudu. Canessa na wenzake waliokuwa wakisomea udaktari walieleza kwa lugha ya kitabibu kile mwili unachofanya ukikosa chakula, na nini kilichokuwepo. Wakajadiliana. Baadhi walikataa kwa siku kadhaa. Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: walishikana mikono na kuambiana, mmoja baada ya mwingine, nikifa mimi, utumie mwili wangu.

Kiswahili kinaniletea kitu hapa ambacho Read, kwa Kiingereza chake, hakuwa nacho. Sisi kiapo tunakila. Mtu hula kiapo, hula yamini. Hatukisemi tu, tunakiingiza mwilini. Nilipokuwa najaribu kumweleza mdogo wangu kile kitendo cha kupeana mikono, nilijikuta nikisema, "Walikula kiapo kwanza," na sote wawili tukanyamaza kidogo, kwa sababu neno lilikuwa limeshasema zaidi ya nilivyokusudia. Kula kwingine kulikuja baadaye na kulikuwa ndani ya kula huku. Nando Parrado, aliyekuwa amempoteza mama yake na dada yake mlimani, alipoondoka kwenda kutafuta msaada aliwaachia wenzake ruhusa hata ya miili hiyo miwili, ambayo mpaka hapo haikuwa imeguswa. Sijui kama katika fasihi yote niliyosoma kuna ruhusa nzito kuliko hiyo.

Na tuna methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tunaitumia kwa mambo ya kawaida, bosi mkali uliyemzoea, mwenye nyumba mnoko, kwamba adui anayekufahamu atakubakishia kitu. Baada ya kusoma vitabu hivi methali imegeuka kichwani mwangu. Zimwi la hadithi zetu hula mgeni, halimjui jina. Hawa vijana walikuwa wanamjua kila mmoja kwa jina, kwa utani wake, kwa nafasi aliyocheza uwanjani. Ndiyo maana binamu watatu, wale wa ukoo wa Strauch, walijitwisha kazi ya kukata wakiwa mbali na wengine, ili mwenzao asijue anachopewa ni nani. Aibu ile ni ya watu wanaojuana. Na wanaojuana hawakumalizana. Kilichobaki, walikibeba kwa maisha yao yote.

Magazeti hayakujali tofauti hiyo. Vijana walipookolewa, uvumi ulianza haraka, picha zikachapishwa, vichwa vya habari vikapiga kelele. Tarehe 28 Desemba 1972 manusura walikaa mbele ya waandishi katika shule yao ya zamani, Montevideo, na Alfredo Delgado akazungumza kwa niaba yao. Akalinganisha walichofanya na Karamu ya Mwisho. Wapo wanaoona lugha hiyo ya dini ilikuwa kinga tu. Mimi naona ilikuwa lugha waliyokuwa nayo, vijana Wakatoliki waliosomeshwa na mabruda. Lakini haikuwa ya wote. Parrado, katika kitabu chake Miracle in the Andes cha mwaka 2006, alichoandika pamoja na Vince Rause, anasema kilichomsukuma kutembea ni kumpenda baba yake kuliko kumtegemea Mungu. Ukisoma kitabu hicho baada ya Alive utashangaa: mlima ni ule ule, theluji ni ile ile, ila mtu aliyekuwa mhusika kwa Read sasa anahema karibu nawe.

Kisha kikaja kitabu cha Pablo Vierci ambacho filamu ya Bayona imechukua jina lake. Vierci alisoma shule moja na hao vijana, hakuhitaji kuuliza walikuwa nani. Alichofanya ni kuwapa manusura wote 16 nafasi ya kusema kila mmoja kwa sauti yake. Wanapingana, wanarudia mambo, mmoja anakumbuka kilichomsahaulika mwingine. Kama riwaya, kitabu kinachosha kidogo, nisiseme uongo. Kama ushahidi, ndicho ninachokiamini zaidi. Bado lakini hesabu inabaki pale pale. Watu 45 wakapanda, 16 wakazungumza. Hao 29 je?

Filamu ya Hollywood ya mwaka 1993, Alive ya Frank Marshall, haikuwasaidia. Wahusika wanazungumza Kiingereza, Ethan Hawke anacheza Parrado, na majina ya baadhi ya waliokufa yakabadilishwa. Yaani mtu amekufa mlimani, akatoa alichotoa, halafu kwenye filamu hata jina hana.

Bayona ndiye aliyelishika tatizo hili kwa mikono yake. Filamu yake iko kwa Kihispania, waigizaji wengi ni vijana wa Uruguay na Argentina ambao dunia haikuwajua, na msimulizi ni Numa Turcatti. Numa alikuwa mwanafunzi wa sheria, hakuwa mchezaji wa timu hiyo, alikwenda kwa sababu ya marafiki. Ni miongoni mwa waliokataa kula kwa muda mrefu. Enzo Vogrincic anamcheza kwa upole wa kijana anayeona haya kuomba maji. Ukiwa mtazamaji wa kawaida unajiambia, huyu anasimulia, basi huyu amepona. Tumezoea hivyo. Msimulizi hafi.

Anakufa. Ilikuwa tarehe 11 Desemba 1972, siku moja kabla Parrado, Canessa na Vizintín hawajaanza safari ya kwenda magharibi. Mkononi mwake anakutwa na kikaratasi chenye maneno ya Injili ya Yohana kuhusu mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Na sauti yake haikomi. Filamu inaendelea, wenzake wanapanda mlima, naye bado anatusimulia.

Mdogo wangu akaweka simu chini. "Si amekufa huyu?"

Nikamkumbusha hadithi aliyokuwa akitusimulia bibi, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa namna moja au nyingine. Wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe, mmoja anasahau lake, anarudi peke yake kulichukua, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Zimwi linazunguka miji likipiga ngoma, watu wanaipenda, ngoma inaimba sauti nzuri ajabu. Linafika kwao. Mama anasikia ngoma inaimba, anajua: huyo ni mwanangu. Kila mji watu waliburudika na ule wimbo. Mji mmoja tu ndio uliosikia mtu.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Habari ya hawa vijana imezunguka dunia kama ngoma ile kwa nusu karne, na sote tumechezea. Swali ni kama mama anayeisikia anaweza kusema, huyo ni wangu. Read alipiga ngoma kwa ustadi na kwa heshima, lakini baadhi ya wenyewe hawakuisikia sauti. Bayona na wenzake walizungumza na manusura na familia za waliokufa, na filamu yao inaandika kwenye kioo jina na umri wa kila anayekufa. Jina na umri! Nilitabasamu kwa uchungu, maana ndivyo vile vile nilivyouliza mimi mkekani. Tofauti ni kwamba filamu imekaa na mtu kwanza. Tumemwona akichora, akitania, akiona wivu, akipasha moto miguu ya mwenzake. Jina linapotokea linakuwa la mtu tunayemfahamu.

Maporomoko ya theluji ya usiku wa tarehe 29 Oktoba ndiyo mfano mzuri zaidi. Theluji inajaza kiwiliwili cha ndege watu wakiwa wamelala, wanane wanakufa, akiwemo nahodha wa timu Marcelo Pérez na Liliana Methol, mwanamke wa mwisho aliyekuwa hai. Waliosalia 19 wanakaa siku tatu chini ya theluji na maiti hao. Ndani ya siku hizo Numa anatimiza miaka 25 na Carlitos anatimiza 19. Mwongozaji mwingine angetupiga na muziki. Bayona anatubana kwenye giza, tunasikia pumzi na vyuma. Unatamani mtu afungue dirisha la sebule yako.

Sasa niseme ninachokipinga, maana sifa tupu si uhakiki.

Kwanza, sauti ya Numa ni ya kubuni. Hakuna anayejua alichowaza saa zake za mwisho, na kwa hakika hakuna anayejua anachowaza sasa. Wenzake waliuchukua mwili wake kwa kiapo walichokula. Filamu imechukua sauti yake, na kiapo cha sauti hakikuwepo. Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa wiki nzima. Mwisho naona filamu inalijua tatizo lake. Numa haitumii sauti hiyo kujisifu, anaitumia kuwataja wengine. Lakini kuna sentensi mahali mahali ambazo ni safi mno, zimenyooka kama za mahubiri, na hapo namsikia mwandishi wa mswada wala si kijana wa miaka 25 mwenye njaa. Marehemu akisemeshwa, asemeshwe kwa kigugumizi kidogo.

Pili, Sergio Catalán. Parrado, Canessa na Vizintín walipofika kileleni waliona milima mpaka macho yanapoishia, si mabonde ya kijani waliyoahidiwa na maneno ya rubani. Vizintín akarudishwa ili chakula kiwatoshe wawili. Hao wawili wakatembea, jumla siku kumi, na ng'ambo ya mto wakamwona mchungaji mifugo wa Kichile. Mto ulikuwa na kelele, hawasikilizani. Catalán akafunga karatasi na penseli kwenye jiwe akawarushia. Parrado akaandika kwamba wametoka kwenye ndege iliyoanguka na kwamba wenzao 14 wako juu bado. Catalán akawarushia mkate, kisha akapanda farasi, akaenda saa nyingi kutafuta polisi. Tarehe 22 na 23 Desemba helikopta zikawatoa wengine.

Fikiria hilo jiwe. Mtu anakuta vijana wawili wenye ndevu, waliokonda, wananuka, wanapiga magoti ng'ambo ya maji. Hakukimbia. Aliwaza karatasi. Katika habari yote hii yeye ndiye pekee ambaye hakupotea, kwa sababu kile tunachokiita nyika yeye alikiita malisho. Filamu inampa dakika chache na inaondoka naye kwa haraka, kama mlango wa kutokea. Hata vitabu navyo ni hivyo hivyo. Ningependa siku moja kusoma habari hii ikianzia kwake, asubuhi hiyo na mifugo yake.

Na tatu, jambo dogo ambalo kwangu si dogo. Ndani ya ndege alikuwemo mama mmoja ambaye hakuwa wa timu wala wa familia zao. Alinunua tiketi kwa sababu alikuwa anakwenda harusi ya binti yake Chile. Usiku wa kwanza alikuwa amebanwa kwenye vyuma, miguu imevunjika, analia kwa maumivu mpaka vijana waliochanganyikiwa wakamfokea anyamaze. Alikufa mlimani. Read anamtaja. Filamu inapita juu yake. Methali yangu inanirudia hapa kwa ukali: zimwi likujualo. Mle ndani hakuwepo hata mmoja aliyemjua.

Pamoja na hayo yote, nasema filamu hii itazamwe, na Alive isomwe, kwa mpangilio wowote. Ukimaliza vyote viwili utagundua kwamba walichokula ndilo jambo ulilolifikiria kidogo kuliko yote.

Karibu na mwisho kuna tukio ambalo ukijua kilichomo ndani yake hutalisahau. Mzee mmoja anasoma kwenye simu orodha ya walio hai, redio inaitangaza, familia zinasikiliza. Anayecheza mzee huyo, yaani Carlos Páez Vilaró, ni Carlitos Páez mwenyewe, wakati huo mtu mzima wa karibu miaka 70, akimwigiza baba yake. Anasoma majina 16. Anafika kwenye jina lake mwenyewe, analisoma. Nyumba moja watu wanaruka kwa furaha. Nyumba nyingine mama anasikiliza mpaka jina la mwisho, anaendelea kusikiliza, na hakuna jina lingine linalokuja.

Tulizima televisheni. Nilimweleza mdogo wangu habari za jiwe la Catalán na mwendo wake wa farasi, kisha habari za yule mama. Alikuwa ameshasimama anaelekea chumbani kulala. Akageukia mlangoni.

"Sasa kaka," akasema, "yule binti yake aliolewa?"